Mashine Tuliyoihifadhi Kama Mbegu

Nilikuwa nagombana na mpishi wa harusi juu ya chumvi ya maharage pale Monika alipoingia uani, fimbo mkono mmoja na chupa ya soda mkono wa pili. Harusi ilikuwa ya mjukuu wa kaka yangu, huko Utemini, kwenye nyumba yenye ua mpana na maspika mbele yaliyokuwa yakitikisa mabati, ndiyo maana sisi wazee tulikuwa tumehamia nyuma kwenye masufuria. Sikuwa nimemwona Monika, rafiki yangu wa usichana, tangu alipoolewa na mtu wa reli akaenda Itigi; tulikuwa tunapelekeana salamu tu kupitia kwa watu. Hakuuliza habari za nyumbani wala za afya. Alikamata mkono wangu wa kulia, akaunusa kama mtu anayenunua samaki, akasema, "Bado mafuta ya taa hayajatoka." Tulicheka mpaka mpishi akatuomba kwa adabu tukakae mbali na pilau yake.

Tukakaa kwenye mkeka kando ya magunia ya mkaa. Msichana mmoja alikuwa anafungua mifuko ya unga wa dukani kwa ajili ya wageni wasioona kama wamekula bila ugali, na Monika akauangalia ule unga mweupe ukimiminika, akatikisa kichwa. "Hawa wangejua unga ulivyotutoa jasho," akasema. Mimi si mmoja wa wale wazee wanaohubiri kwamba zamani kulikuwa na raha. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, nimeiona hiyo zamani kwa karibu, na sina hamu nayo. Lakini ule mwaka mmoja, mwaka wa mashine, ukiniambia niurudie nitaomba tu muda wa kutafuta viatu vyangu.

Habari za ukoo wangu nitaziacha. Nani alimzaa nani, na kwa nini nililelewa na shangazi, ni hadithi ndefu na haina mashine ndani yake. Itoshe kusema kwamba nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya msingi, ninakaa na Shangazi Mwanaidi katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Sepuka, ambako tulikuwa tumekusanywa tukajenga nyumba kwa mistari, zimetazamana kama wanafunzi waliogombana. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele ndimo tulimoishi: mafiga, kitanda cha kamba, jiwe la kusagia pembeni, na vibuyu vya Shangazi vikining'inia ukutani, kila kimoja na kazi yake, cha maziwa ya mgando, cha mbegu za maboga, cha samli. Samli ya Shangazi ilijulikana. Alikuwa akikifukiza kibuyu chake kwa moshi wa mti ambao alikataa kuutaja hata kwangu, na mtu akila kwetu alijua yuko kwetu hata kama amefumba macho.

Lile jiwe la pembeni ndilo lililokuwa limenishika mguu. Bega la kulia la Shangazi lilikuwa limekataa kazi. Aliweza kupalilia kwa kulibembeleza, aliweza kubeba ndoo isiyojaa, lakini kusaga hakuweza tena, na mtama haujisagi wenyewe. Kila asubuhi nilipiga magoti mbele ya jiwe nikasukuma mpaka kiuno kikalia. Na mwaka ule nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uuguzi mjini Singida, masomo yaanze baada ya mavuno. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Lakini nikiondoka, nani atamsagia? Kila mwanamke kijijini alikuwa na jiwe lake na watoto wake wa kulisha. "Nenda tu," Shangazi alikuwa akisema, "mimi nitameza mtama mzima mzima kama kuku. Kwani kuku wanakufa?" Nilikuwa nacheka, lakini sikuwa na mpango wa kumwacha awe kuku. Hesabu yangu ilikuwa fupi: kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga. Ikiunguruma, nitakwenda. Isipounguruma, nitabaki na jiwe.

Mashine yenyewe ilikuwa imefika kabla ya mvua, juu ya lori, injini ya dizeli ya silinda moja yenye gurudumu la chuma zito, imepakwa rangi ya kijani. Watu waliiimbia kama bibi harusi. Tatizo ni kwamba nyumba ya kuiweka ilikuwa bado ni matofali yanayokauka juani, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, basi ukaitishwa mkutano. Mzee Njiku, mwenyekiti wetu, mtu mwenye ng'ombe wengi na sauti ndogo, akasimama akauliza, "Ng'ombe zenu mnazilaza wapi?" Kila mtu alijua jibu. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Wengine atawaweka kwa rafiki, wengine kwa shemeji, wengine kijiji cha tatu, ili ugonjwa ukiingia au wezi wakija wasimmalize. "Basi," akasema Mzee Njiku, "hii mashine ni ng'ombe wetu sote. Tuifungue, kila balozi wa nyumba kumi akae na vipande vyake. Mwizi akiiba gurudumu, atalisagia nini?" Watu wakapiga makofi. Nimeshazeeka sasa na nimekaa kwenye mikutano mingi, na bado sijasikia hoja iliyonyooka kama ile ikiwafikisha watu pabaya kama pale.

Kazi ya kuifungua alipewa Elia, kijana aliyekuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge Tanga na ovaroli moja na spana chache. Aliifungua mchana mmoja, akipiga mluzi, sisi tumemzunguka. Kabla watu hawajaondoka na vipande vyao, akapanda juu ya benchi akatoa onyo. "Chuma kina adui," akasema. "Anaitwa kutu. Anakula taratibu, kidogo kidogo, kama fukusi anavyokula mtama, na wewe kwa nje unaona mambo ni mazuri tu." Ilikuwa hotuba nzuri sana, na ndiyo iliyotumaliza. Kama kutu anakula kama fukusi, sisi dawa ya fukusi tulikuwa tunaijua tangu kuzaliwa: mbegu unaichanganya na majivu, unaitia kwenye kihenge, unaziba vizuri, unaifungua msimu ukifika. Hakuna aliyemuuliza Elia zaidi. Jioni ile moshi ulipanda kila nyumba, watu wakichoma mabua ili wapate majivu ya kutosha kulaza injini.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kumwaga. Mapaa yalivuja, vihenge vikalowa, na majivu, kama kila mwanamke aliyewahi kuyaacha nje anavyojua, yanakunywa maji kuliko mlevi. Mzee Mghenyi, balozi wa upande wetu, mgane aliyeishi peke yake na kuku wake, alifariki katikati ya mvua hizo, tukamzika kwenye tope tukilia kweli, maana alikuwa mtu mwema na mcheshi. Mvua zilipopungua tukainua kuta za nyumba ya mashine, tukaezeka mabati, na Mzee Njiku akatangaza vipande virudishwe. Nakumbuka siku hiyo kama sinema. Watu walikuja kwa msafara, kila mmoja amebeba kipande chake kwa heshima, na kila kipande kilipowekwa chini, uso wa Elia ulizidi kushuka. Boliti zilikuwa nyekundu. Vali zilikuwa nyekundu. Karai la chini la injini lilikuwa limegeuzwa la kunyweshea kuku. Tangi la mafuta, balozi mmoja alikuwa amelitundika kwenye mti ili wanawe wasilichezee, na nyuki wakadhani ni mzinga wao. Likaja limejaa masega. Silinda, ikiwa na pistoni yake ndani, ilitoka kwenye kihenge cha mwenyekiti mwenyewe, majivu yameigandia kama udongo wa kichuguu. Elia alijaribu kuisukuma pistoni kwa mkono, kisha kwa mguu, kisha akakaa chini akajifunika uso na kofia.

Kama vile hilo halikutosha, bwana mmoja wa maendeleo wa wilaya akaja juma lile lile kukagua. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Alilizunguka lile lundo la kutu, akafuta miwani, akasema, "Wenzenu wa Issuna wana nyumba tayari na wanalilia mashine. Mavuno yakiisha hii haijaunguruma, nitaleta lori niipeleke Issuna, wao watajua la kufanya." Wanawake tuliokuwa pale tulitazamana. Mimi nililisikia lile neno kwenye magoti, pale ngozi ilipokuwa imekwisha kuwa ngumu kwa kazi ya jiwe.

Mzee Njiku akapanda baiskeli akaenda mjini, akarudi na Fundi Jivan. Huyu alikuwa wa familia ya Kihindi yenye duka pale Singida. Ndugu zake waliuza vitambaa na sukari, yeye alikuwa amekataa kukaa nyuma ya kaunta, akafungua karakana uani. Alikuwa mwembamba, mwenye majivuno, na amezaliwa hapa hapa kama sisi. Kutu aliitukana kwa Kigujarati, boliti alizibembeleza kwa Kinyaturu, na sisi akatuamrisha kwa Kiswahili. Alipoliona lile lundo alisimama, mikono kiunoni.

"Nani kaweka injini kwenye majivu?"

"Sisi sote, Fundi," akajibu Mzee Njiku.

"Kwa nini?"

"Isiliwe na fukusi."

Fundi Jivan akakaa juu ya lile gurudumu kubwa akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akakasirika, halafu akacheka tena. Alipomaliza akauliza kama kijiji kina watu wenye subira, kwa sababu wanaume aliowaona wote walikuwa wameshika nyundo. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Monika, ambaye alikuwa akinifuata kila mahali hata kwenye ujinga, akanyoosha wa kwake. Elia naye akabaki, kwa kuwa aliyefungua ndiye aliyejua kipi kilitoka wapi. Fundi akasema malipo yake yatakuwa lile debe la asali litakalotoka kwenye tangi, na hapo kazi ikaanza.

Mchana ule kijiji kilimchinjia mbuzi. Nyama ikaletwa kwetu, maana Fundi alipangiwa kula kwa Shangazi, na Fundi akaitazama sinia kwa huzuni akasema yeye hali nyama, kwao hawali kabisa. Mzee Njiku alishtuka kama ameambiwa mtu hanywi maji. "Hata kuku?" "Hata kuku, mzee." "Sasa unaishije?" Shangazi akatufukuza wote, akapika mlenda na ugali wa mtama, na Fundi akala mpaka akafungua kifungo cha suruali. Kisha akavuta hewa ndani ya kile chumba, akaangalia vibuyu ukutani, akasema, "Mama, nimesikia mjini habari za samli yako. Ugali huu ungepata kijiko kimoja tu..." Shangazi akajibu haraka, "Samli imekwisha." Nilimtazama. Kibuyu cha samli kilikuwa pale pale, mdomo umefungwa kwa kitambaa, na siku chache nyuma nilikuwa nimemwona akikishusha, akikifungua na kuchungulia, kisha akakirudisha. Niliona aibu. Shangazi alikuwa na maneno makali, lakini uchoyo haukuwa tabia yake. Fundi alikaa kwetu wiki baada ya wiki, akala mlenda, maboga, kunde za karanga, na kila alipoutazama ukuta ule Shangazi alirudia kwamba samli imekwisha. Nikadhani labda ni mambo ya uzee.

Siku zetu zilikuwa za kusugua. Fundi alitupa mapipa: moja la mafuta ya taa, moja la maji ya ukwaju yaliyochanganywa na machicha ya pombe, makali mpaka pua inachoma. Kipande kililala kwenye ukwaju kikaachia kutu, tukakitoa, tukakisugua kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, kisha tukakiosha na kukipaka mafuta. Vilivyoliwa mno alivitupa, akatuma mjini kutafuta vingine. Vilivyoliwa kidogo tulivisugua mpaka ngozi ya vidole ikatoka kabla ya kutu. Mwishoni alituruhusu kutumia majivu, makavu, ya kung'arishia. "Mnaona sasa kazi ya majivu?" akasema. "Ni kusugulia. Siyo kulalia." Tulikuwa tunakaa chini ya ukuta wa nyumba ya mashine, sketi zimejaa madoa, na Monika akiimba nyimbo za kanisani kwa maneno aliyoyageuza yamhusu Elia, ambaye alijifanya hasikii na masikio yakawa mekundu kama boliti. Wapita njia walitutania kwamba hatutapata wachumba kwa harufu ile. Monika aliwajibu kwamba mchumba wake atakuwa mwenye treni. Mungu alikuwa anasikiliza.

Pistoni ndiyo iliyotusumbua. Ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda, na Fundi aliimiminia mafuta ya taa, akaiacha, akaiongezea, akaipasha moto wa mkaa kwa nje, akaiacha tena. Elia alitaka kuipiga nyundo. Fundi akamwambia akiigusa kwa nyundo atamrudisha Tanga kwa miguu. "Ninahitaji kitu kizito kisicho na hasira," akasema, na Monika akakimbia nyumbani akarudi na mchi. Fundi aliugeuza geuza ule mchi wa mti mgumu mikononi, akaweka kipande cha ubao juu ya pistoni, akatuambia tutwange, lakini polepole, kwa zamu, bila kupumzika. Mnajua wanawake wawili wanavyotwanga kinu kimoja, mmoja anainua mwenzake anashusha. Tulitwanga hivyo. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka kisimani wakatua ndoo, wakaanza kuimba wimbo wa kutwangia, na aliyechoka alipokezwa na mwingine, na hata Shangazi akaja kupiga makofi kwa mkono wake mzima. Sijui tulitwanga kwa muda gani. Ninachokumbuka ni sauti ilivyobadilika: kutoka ya kitu kilichoziba ikawa ya kitu kinachokwenda, halafu pistoni ikashuka, ikadondokea kwenye majani tuliyotandika chini. Fundi Jivan alipiga magoti akaibusu, kutu na yote, na midomo yake ikawa ya kahawia mpaka jioni.

Baada ya hapo tulidhani tumemaliza. Ringi mpya za pistoni zikaja kutoka mjini, Elia akaanza kufunga kipande baada ya kipande, na kila kilichofungwa tulikishangilia. Ndipo Fundi akauliza, "Nozeli iko wapi?" Ni kitu kidogo, hakizidi kidole, ndicho kinachorusha dizeli ndani ya silinda. Bila hicho injini ni jiwe tu. Watu wakakumbuka kwamba nozeli alipewa marehemu Mzee Mghenyi. Tulikwenda nyumbani kwake, tukachambua kihenge chake kwa vidole, tukapekua nyasi za paa, tukachimba chini ya kitanda, hatukuiona. Fundi akasema mjini haipo, ya aina ile itabidi iagizwe Dar es Salaam, na kuagiza ni miezi. Mtama ulikuwa umeshakatwa. Watu walikuwa wanapura, na kila gunia lililojaa lilikuwa linatusogezea lile lori la Issuna.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Shangazi anachambua mboga. Nikakaa karibu na jiwe langu nikamwambia kwamba kesho nitamwomba mwalimu aniandikie barua mjini, nafasi yangu apewe mwingine. Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini nilikuwa nimevunjika moyo, na sioni haya kusema kwamba nilitaka mtu aniambie nisifanye hivyo. Nilimsubiri aseme habari za kuku. Hakusema. Aliendelea kuchambua mboga mpaka zikabaki vijiti vitupu, akavitazama kama hajui vimetoka wapi, akaniambia niende nikachote maji.

Asubuhi yake, nikiwa bado nasaga, Monika alikuja mbio akipiga kelele ambazo ziliamsha mbwa wa kijiji kizima. "Imeonekana! Nozeli imeonekana!" Alisema alikwenda kuangalia kama kuku wa marehemu wametaga, akaikuta bandani, kwenye nyasi za kiota, imefungwa kitambaa. Tulikimbia nayo mpaka kwa Fundi. Ilikuwa inang'aa. Katika injini nzima hakuna kipande kilichokuwa kimetunzwa kama kile. Haikuwa na hata tone la kutu. Fundi aliisogeza karibu na pua, akafumba macho.

"Hii imekaa kwenye samli," akasema. "Tena samli nzuri."

"Marehemu alikuwa anapenda samli," akasema Monika, bila kupepesa.

"Basi marehemu ndiye mtu pekee aliyekuwa na akili hapa," akasema Fundi, na hakuna aliyebisha.

Walijaribu kuiwasha siku ile ile. Elia na wenzake wawili walilizungusha lile gurudumu, injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikatoa moshi mweusi uliowafukuza watoto, kisha ikashika. Mlio wake ulikuwa mbaya na mzuri mno. Mzee Njiku alivua kofia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka injini yenyewe ikazidiwa, na mimi nilisimama nimeziba mdomo kwa mikono miwili yenye harufu ya mafuta ya taa, ninalia na kucheka, kwa sababu nilijua nakwenda. Debe la kwanza kusagwa lilikuwa la Shangazi. Watu walitaka iwe hivyo kwa ajili ya bega lake. Jioni akasonga ugali, akaonja, akatafuna taratibu sisi tumemkodolea macho. "Unanuka mafuta," akasema. Nikamuuliza kama hataweza kuula. "Nimesema unanuka, sijasema hauliki." Halafu akainuka, akashusha kibuyu cha samli ukutani, akammiminia Fundi Jivan samli juu ya ugali mpaka ikafurika ukingoni.

"Kumbe ipo!" akasema Fundi.

"Imeiva leo," akajibu Shangazi.

Fundi alimega, akachovya, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Alimtazama Shangazi kwa muda, akainamisha kichwa kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake. "Samli hii imefanya kazi, mama," akasema. Niliona ni sifa ya mgeni kwa mpishi. Nilikuwa najifikiria mimi na sanduku langu. Wiki mbili baadaye nilipanda lori la mtama kwenda mjini, Shangazi akaniaga kwa kunifokea nisile hovyo, na maisha yangu yote yaliyofuata yakaanzia hapo.

Hayo yote tuliyapitia tena mimi na Monika pale kwenye mkeka, tukisahihishana na kudaiana nani alianza kutwanga kwa mchi, mpaka nikafika kwenye banda la kuku la marehemu. Monika aliizungusha chupa yake ya soda mkononi, akasema, "Rehema, bandani hakukuwa na kitu."

Nikamwambia asinichanganye.

"Shangazi yako alinigongea alfajiri, wewe umelala. Alikuwa nayo kwenye kile kibuyu. Mzee Mghenyi alimletea siku ile ile ya mgao, aitie kwenye samli, kwa sababu yeye majivu hakuyaamini. Kisha mzee akafa, na hakuna mwingine aliyejua. Alinipa imefungwa kitambaa, akasema niseme nimeiokota kwa kuku."

Niliviona vyote kwa pamoja: kibuyu kinashushwa, kinachunguliwa, kinarudishwa, samli imekwisha, samli imekwisha, vile vijiti vya mboga. Wakati wote tuliposugua yeye alikuwa na kile kidole cha chuma juu ya kichwa changu ninaposaga, na aliposhangilia pistoni kwa mkono wake mzima alijua fika anachokishangilia kinanipeleka wapi. Nilimwambia Monika kwamba ameninyima kitu kikubwa kwa miaka mingi mno, Shangazi yuko kaburini na sikumshukuru. Akasema alikuwa ameapishwa asiniambie mpaka nimalize kazi. Nikamkumbusha kwamba nimestaafu siku nyingi. "Basi nimechelewa kidogo," akasema, akanifuta machozi kwa upindo wa khanga yake, na mpishi, aliyekuwa akipita na sinia, akatuomba radhi kwa ajili ya vitunguu.

"Kwa nini hakutaka nijue?" nikamuuliza.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, 'Akijua ilikuwa kwangu, atajua sikutaka aende. Na akilijua hilo, yule mtoto hataondoka.'"